Mzee Umeonja na Chemchemi ya Tatu

Jumanne asubuhi marehemu alikunywa chai, akavaa kofia yake, akaaga. Leo Ijumaa tunamzika. Tumepigwa na butwaa, na aliyeandika wasifu huu bado hajaamini anachokiandika.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1954, mtoto wa tatu wa mchimba visima, katika nyumba ya mwisho kabla ya jangwa la milimani. Alisoma hadi darasa la saba. Mengine alifundishwa na baba yake, kwa miguu.

Mwaka 1976 aliajiriwa kutunza njia za jangwani. Alipanga mawe ya kuwaongoza wasafiri, akazibua chemchemi nne, na kila Jumatatu akaandika kwenye ubao wa geti la kuingilia jangwani: maji yapo, au hakuna. Huandiki "yapo" mpaka uyanywe. "Macho hayanywi," alisema. Kila mlinzi wa njia aliporudi kutoka zamu, yeye alimuuliza, "Umeonja?" Jina likamganda.

Alifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1982. Mkewe akiuliza kama chai imebaki kwenye chupa, mzee alimimina, akapiga funda, ndipo akajibu. Mkewe alimcheka miaka yote hiyo.

Machi mwaka huu, 2024, magoti yalimzidi. Zamu na ubao akamwachia kitindamimba wake, binti.

Jumatatu, tarehe 7 Oktoba, binti aliitazama chemchemi ya tatu kutoka juu ya mteremko. Aliona majani mabichi. Jua lilikuwa kali, hakushuka; ubaoni akaandika: maji yapo. Nyumbani baba akamuuliza, "Umeonja?"

"Nimeonja, baba."

Hakurudia swali. Kesho yake magoti yalimpa nafuu, akabeba chupa moja tu ya maji, akaenda kuiona chemchemi hiyo. Alikutwa Jumatano mchana, amefariki, mikono ina udongo mkavu hadi viwikoni. Alikuwa amechimba, na hakupata hata tone.

Binti huyo ndiye anayewasomea. Mama yake alitaka maneno haya yafutwe: "Mwanangu, watu watakusema maisha yako yote." Binti alijibu kwamba baba hakuwahi kuacha uongo ubaoni.

Jana alishuka mpaka chini, akachimba pale baba yake alipoishia. Ubao sasa umeandikwa: Chemchemi ya tatu, hakuna. Nimefika mwenyewe.

Marehemu ameacha mjane, wana wawili, wajukuu watano, na binti anayemwomba msamaha mbele yenu. Apumzike kwa amani, penye maji.