Mzee Beatus Ligomba, Aliyesoma Juu ya Dungu

Ndugu waombolezaji, ni nani kati yenu aliyezisikia habari za Mkwawa, za Malkia Nzinga au za Shaka kwa mara ya kwanza kutoka kinywa kingine, si cha huyu aliyelala mbele yetu? Mimi ni Violeth, mjukuu wake, graduate wa historia, jobless kama mnavyopenda kunikumbusha kila nikipita gengeni, na familia imenituma nisome kwa sababu babu aliagiza maisha yake yasomwe kama yeye alivyosoma ya watu wakubwa, bila kuruka ukurasa wenye aibu.

Marehemu Beatus Hilari Ligomba alizaliwa tarehe 12 Machi 1949 huko Mahenge, akasoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1958 hadi 1965 alipomaliza darasa la nane, na kwa kuwa nafasi za kuendelea zilikuwa za wachache, akarudi kushika jembe. Mwaka 1974 alihamia huku bondeni, akalima mpunga na kufundisha elimu ya watu wazima, na wanafunzi wake walipokwisha kujua kusoma akaona hawana cha kusoma zaidi ya mabango ya kilimo, ndipo akaanza kusaka vitabu vya maisha ya watu mashuhuri, Ifakara, Morogoro, popote, akavisoma kwa sauti juu ya dungu, kile kichanja cha kulindia shamba, wakati wa kuamia ndege, majirani wakisikiliza kutoka madungu yao.

Ukurasa wa aibu ni huu. Mei 1983 kusoma kwake kulifika kwenye siku za mwisho za Mkwawa, watu wakasahau kupiga makopo, wakasahau kupiga kelele, ndege kweleakwelea wakashuka na kulimaliza shamba la mzee Zakayo, ambaye siku hiyo alikuwa msibani Idete. Zakayo aliporudi watu walijua leo ni kesi, akasimama chini ya dungu, akasema, "Beatus, mpunga umeshaliwa. Sasa niambie, huyo mtu walimkamata?" Babu akamjibu kwamba hawakumkamata, walimkuta amekwisha kujimaliza mwenyewe, na Zakayo akaenda zake ameinamisha kichwa, akisema afadhali. Kikao cha kijiji kikaamua kusoma kuhame mashambani, wanakijiji wakafyatua matofali, na mwaka 1984 kikasimama chumba cha kusomea, kile mnachokiona nyuma ya ofisi ya kijiji.

Tarehe 20 Septemba 1975 alifunga ndoa mjini Ifakara na bibi yetu Yosefina, anayesema alivumilia maisha yote kulinganishwa na malkia huku hana hata kuni za kupikia, wakajaliwa watoto watatu, Viktor ambaye ni baba yangu, Mariana na Evod.

Mwaka 2019 chumba kilifungwa, tukaambiwa ni temporary, mbolea ikae humo msimu mmoja, na vitabu vikabaki chini ya mifuko. Mwaka 2023 presha ya macho ikamchukulia babu uwezo wa kuona, akaniomba nimsomee yeye sasa, kazi pekee niliyowahi kupewa bila interview, nikaenda ofisini kuomba vitabu, nikajibiwa, "Ufunguo upo, aliye nao hayupo." Nikarudi, yuko semina. Nikarudi tena, yuko likizo. Nilimsimulia babu ninayoyakumbuka, naye alikuwa akinisahihisha kwa upole, lakini alitaka ukurasa wenyewe, na figo zilipofeli akafariki tarehe 17 Mei 2025, hospitalini Ifakara, hajausikia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa heshima, majirani mliopika na kulala nasi kwenye turubai, na walimu wenzake wa zamani mliotoka Namawala na Michenga. Babu, umewazika wakubwa wengi kwa sauti yako, leo lala nasi tukusomee, upumzike kwa amani.

Mheshimiwa mwenyekiti wa kijiji, na wewe mtendaji, shikamooni, with due respect, mmeketi mstari wa mbele na semina leo hakuna. Tukitoka makaburini hatuli kwanza, twendeni wote nyuma ya ofisi, mkakifungue kile chumba, mifuko itoke mbele ya macho yetu, na vitabu mtukabidhi.