Foleni ya Malori Iliyofutika Ikarudi

Wapendwa, nimesimama mbele yenu bila kutetemeka. Wanaonijua wanajua kwamba hilo peke yake ni ushuhuda. Chekeni tu, nimezoea.

Nilipomaliza chuo nilirudi nyumbani Tunduma. Mama mmoja mwenye yadi ya malori kule Chapwa akanipa kazi yangu ya kwanza: programu ya kupanga foleni ya madereva wanaosubiri kuvuka kwenda Zambia. Programu ilikamilika mapema. Kilichonishinda ni kuchagua kanzidata, yaani ghala la mtandaoni ambalo kampuni fulani inakutunzia taarifa zako. Hii ni nafuu, ile ina kasi, nyingine wanaisifia wote. Nikichagua hii asubuhi, jioni naitamani ile. Nilisoma mpaka nikakonda. Ndugu zangu, nawaambia, hofu inaweza kuvaa miwani ikajiita utafiti.

Yule mama wa yadi akapiga simu. "We mtoto, hiyo programu unaitengeneza au unaichumbia? Ijumaa nisipoiona, natafuta mwingine."

"Mama, bado nalinganisha. Kila kampuni inasema ndiyo bora."

"Ulitaka waseme ni wabovu? Hapa mpakani kila wakala wa forodha anakuahidi gari litatoka leo. Mimi namuuliza, likikwama nani analikwamua? Halafu nampa gari moja, nione."

Basi nikajaribu kampuni mbili. Nikaingiza malori ya uongo, kisha nikayafuta kwa makusudi. Ile nafuu ilikuwa na nakala ya jana tu, na kuirudisha ni juu yangu. Ya pili ilinirudishia kila kitu kama kilivyokuwa muda mfupi kabla sijafuta. Nikaichagua hiyo. Ijumaa mama akaiona programu.

Haukupita muda, siku yadi imejaa, karani wa yadi akabonyeza pasipotakiwa. Foleni yote ikafutika! Honi zikaanza, kila dereva akidai yeye ndiye wa kwanza.

"Hata mimi nilikuwa wa kwanza," mmoja akapaza sauti, "ila nilikuwa bado sijafika!"

Zamani ningezimia. Siku ile mikono yangu ilijua njia ya kurudisha nakala. Chai ya karani haijapoa, kila lori likawa limerudi kwenye nafasi yake. Dereva wa Kizambia akanigonga bega: "Natotela, mwana. Asante."

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama yule, nawashukuru nanyi mlioniombea mkidhani naumwa. Kama unasubiri uhakika ndipo uanze, sikiliza: mimi sikuupata kwenye kusoma. Niliupata siku niliyovunja kitu kidogo kwa mkono wangu, nikakiona kinarudi.