Kikombe cha Mwalimu Aliyeacha Kuuliza

Baada ya miaka thelathini na moja ya kufundisha fizikia chuoni kwetu, mwenzetu tuliyemzoea kwa jina la Mzee Swali anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Leo anakabidhiwa kikombe cha mhadhiri bora wa mwaka. Tumpigie makofi, ingawa mimi niliyekaa naye ofisi moja mikono yangu ni mizito.

Jina hilo alilipata kihalali. Aliingia darasani bila noti, akauliza kwa nini birika huimba kabla maji hayajachemka, kisha akaenda kukaa kwenye benchi la wanafunzi kungoja jibu. Aliweza kungoja mpaka watu wakaanza kukohoa. Siku moja mfagiaji alichungulia, akaona mbele hakuna mtu, akaingia kudeki.

Waliolelewa katika nyumba za mabishano walimpenda kupita kiasi. Lakini wengi wamekua wakijua kwamba mtu mzima akikuuliza jambo analolijua, basi umeshakosa. Unainamisha kichwa na kunyamaza. Hao walinyamaza kwa heshima, yeye akadhani wanafikiri. Wengine walizoea kukariri, wakakosa cha kukariri. Kila mwisho wa muhula, wanafunzi walipojaza fomu za kumpa mhadhiri maoni na alama, kipindi kilekile kilimletea sifa za mwalimu hodari na malalamiko kwamba mzee hajui somo. Hata binti yake, aliyesoma kwake, hakuwahi kujibu. Alimwambia mama yake kwamba hawezi kushindana na baba mbele za watu.

Mkuu wa idara hakusoma maoni, alisoma wastani tu. Mwaka jana alimwita, akamwambia kwamba alama zake zinatutia aibu. Mzee alirudi ofisini, akasema basi, atawapa wanachotaka.

Mwaka huu alisimama mbele, akasoma noti neno kwa neno, nao wakaandika. Hakuuliza chochote. Alama zake zikapita za wahadhiri wote, na ndiyo sababu ya kikombe hiki. Kwenye mtihani waliandika sentensi zake bila kuacha hata nukta. Swali moja dogo lililotaka kufikiri, darasa zima lililiruka. Inaniuma, na sioni dawa yake.

Mzee wetu, asante kwa ile miaka yote ambayo hukupewa kikombe. Nenda kapumzike na mama; tunawaombea afya na siku za furaha. Darasa lako nimekabidhiwa mimi. Mkuu wa idara ameniagiza nisome noti zako kama zilivyo, na nimekubali.