Ndani ya Dude la Chuma

MKE: Haloo? Ni nani?

FUNDI: Mimi, mama watoto. Usikate—

MKE: Mbona sauti kama uko ndani ya pipa?

FUNDI: Niko ndani ya sanamu.

MKE: Lile dude la chuma la katikati ya mji? Lisilo na kichwa wala miguu? (Anacheka.) Si nilikwambia hata aliyelitengeneza hajui ni—

FUNDI: Usicheke! Nilipanda kufunga taa za ndani. Huku chini wakachomelea mlango.

MKE: Wakacho— Na wewe umo?

FUNDI: Drili ilikuwa inanguruma, sikusikia. Nao hawakuniona. (Ngo! Ngo! Ngo!) Nagonga, haji mtu. Chuma kinaunguza. Hewa... hewa nzito. Naogopa, mama watoto.

MKE: Mpigie bosi wako!

FUNDI: Hapokei. Yuko jukwaani na wageni, wanazindua. Na chaji inaniishia.

MKE: Nakuja. Cherehani naiacha hivihivi. (Mikwaruzo. Miguu inakimbia.) Upo?

FUNDI: Nipo.

MKE: Ongea, usinyamaze.

FUNDI: Kila nikigonga wanapiga makofi. Kwa nini wanapiga makofi?

MKE: Nipisheni, jamani! Nime— nimefika. Gonga.

(Ngo. Ngo. Vifijo.)

MKE: Mungu wangu.

FUNDI: Wanasemaje?

MKE: Mshereheshaji anasema... eti ni moyo wa jiji unadunda. Sanaa ya kisasa. Watu wanapiga picha.

FUNDI: Waambie!

MKE: Si nawaambia! Mlinzi anadhani nimelewa— Niachie mkono wewe! Mume wangu yumo humo!

FUNDI: Mama watoto... nimekaa chini. Watoto uwaambie—

MKE: Koma! Utawaambia mwenyewe nyumbani. Wewe wa maiki, lete hapa. Lete! (Spika zinapiga mluzi.) Haya, simu iko kwenye maiki. Sema, baba watoto. Mji mzima unakusikia.

FUNDI: Jamani... mimi fundi umeme. Niko humu ndani. Nifungulieni.



MKE: Makofi yamekoma. Yule wa kuchomelea huyo anakuja mbio, ana mashine ya kukatia chuma. Gonga ajue ulipo, asije akakukata.

(Mikwaruzo. Simu inakatika.)

MKE: Haloo? Baba watoto? Haloo! ...Nyamazeni nyie, nasikiliza! ...Gonga basi, mume wangu. Gonga.