Carton ya Ariane

Bandugu, musikie hii! Niko mu taxi-bus ya kwenda Kasha, simu mu mukono. Mbele yangu kuko maman mumoja wa ndizi na kijana mwenye kukumbatia sac ya mugongo. Habajuane. Maman analalamika: « Mutoto wangu Ariane analia tangu juzi, hata ku masomo jana alikataa kwenda. Eti niliwasha mbabula ya makala na carton yake! Carton ya buchafu, yenye kujaa alfabeti! »

Kijana akamugeukia. « Ariane wa darasa ya sixième? Maman, ni mimi Hervé, nabafundishaka bure kutengeneza maprogramme. Ile carton ilikuwa clavier, kibao ya kuandikia ku kompyuta. Tuko na ordinateur moja tu, batoto makumi tatu. Kila mutu anachora clavier ku carton, anazoeza vidole kwanza. »

« Yesu! Nilipikia sombe na ordinateur? »

Mutu wa nyuma akacheka, akajikuta anacheka pekee yake.

« Jana ilikuwa examen, » Hervé akasema. « Mwenye kuandika bila kuangalia vidole, leo anaanza ku ordinateur yenyewe. Ariane hakukuja. Nafasi nilipatia Emmanuella. »

« Umurudishie mutoto wangu nafasi yake! »

« Nimunyanganye Emmanuella? Naye alilalaka na carton yake, Maman Ariane. »

« Na hiyo ordinateur iko wapi? »

Hervé, bila kufikiri, akagusa sac.

Taxi-bus ikasimama. Receveur akafungua mulango: « Kasha, mushuke! » Maman akashika sac na mikono mbili. « Hapa hakuna mutu anashuka. »