Suti Mbili za Jumapili ya Mwisho

Bwana Alwyn Prosser, mtunzaji wa chumba cha kubadilishia nguo cha wachezaji wanaume, anastaafu tarehe 20 Juni baada ya kuitumikia klabu yetu ya tenisi kwa miaka thelathini na moja. Mashindano yanaanza wiki inayofuata. Wengi wameuliza kwa nini asingoje yaishe kwanza. Jibu ninalo, maana miaka yote hiyo nimefua taulo upande wa pili wa ukuta wake, na yeye mwenyewe hatalisema.

Alikuja kwetu kutoka Swansea, dereva wa basi aliyechoshwa na mabasi. Wiki ya kwanza aliwakemea wachezaji waliotupa soksi sakafuni kana kwamba ni abiria waliokwepa nauli. Mmoja wao alikuwa bingwa mtetezi. "Hapa si kwa mama yako, baba," alimwambia, na bingwa akainama akaokota. Tangu siku hiyo Alwyn hakugombana na mtu.

Chumba kile huanza mashindano kikiwa na vurugu kama soko. Anayeshindwa hufungasha na kuondoka siku hiyohiyo, na Alwyn hubandua jina lake kwenye mlango wa kabati. Ikifika Jumapili ya mwisho wamebaki wawili tu, kila mmoja na kona yake, hawatazamani. Kinachosikika ni Alwyn akikunja taulo ambazo hazina wa kuzitumia. London nzima, husema, hakuna mahali penye upweke kama pale.

Jumamosi fundi huwa ameshawapima wote wawili suti nyeusi ya karamu ya bingwa. Atakayeshinda ataivaa, ya mwenzake hurudi kwa fundi. Kwa hiyo ni mwiko mchezaji kuiona suti kabla ya mechi, na zote mbili hufichwa stoo. Mwaka wake wa tatu kazini Alwyn alipitiwa, akaitundika suti ya Henrik Sandelin, Mswidi mmoja mpole, nje ya kabati lake. Asubuhi Henrik aliiona. Aligusa mkono wa koti, akatabasamu, kisha akaenda uwanjani akafungwa katika seti ya tano.

Alwyn alijilaumu sana. Henrik ndiye aliyembembeleza: "Mzee, koti halipigi mpira." Lakini alifika fainali mara mbili zaidi, na mara zote suti yake ilirudi kwa fundi bila kuvaliwa. Baada ya fainali ile ya mwisho Henrik alikaa kwenye benchi mpaka taulo zikaisha kukunjwa.

"Umeshabandua jina langu?" aliuliza.

"Bado."

"Libandue tu, mzee. Sirudi tena hapa."

Alwyn hakulibandua. Lilikaa pale mpaka majira ya baridi, wapaka rangi walipokuja.

Henrik alishinda kwingine kwingi. Fedha anazo, na aliwahi kuwa wa kwanza duniani. Lakini mwenye taji letu, hata akilishinda mara moja tu kwa bahati, jina lake hupakwa dhahabu ukutani, na mpaka anazeeka huingia getini kwa kupungiwa mkono. Asiye nalo huulizwa tiketi. Hiyo ndiyo maana ya kushinda fainali kwetu, na mimi naiona ni maana katili. Taulo za wote wawili hunifikia zikiwa zimelowa sawasawa.

Sasa lile jibu. Mke wa Alwyn, Gwenda, hakuwahi kutazama fainali na mumewe, kwa sababu siku hiyo Alwyn huwa chumbani. Walikubaliana kwamba mwaka huu atastaafu kabla ya mashindano, wachukue viti viwili ambavyo klabu humpa kila mstaafu, wakae juani wale stroberi kama wageni. Gwenda alifariki mwezi wa Februari. Nilimuuliza Alwyn kama angebadilisha tarehe. "Ahadi ni deni," alisema, akaendelea kukunja.

Tiketi ya pili ameituma Uswidi kwa Henrik, ambaye hajakanyaga hapa tangu siku ile. Mpaka jarida hili linakwenda kuchapwa, hakuna jibu.

Asante, Alwyn, kwa chumba safi, kwa mizaha ya kupitia ukutani, na kwa wale wote waliotoka kwako wameshindwa lakini wameoga na kunywa chai. Kuanzia sasa nawe utaulizwa tiketi getini. Dhahabu ya ukutani haikuhusu, na uongozi unajua nimelisemea jambo hilo mpaka nimechoka. Jina lako bado liko kwenye kabati lako dogo karibu na stoo, na nimewakataza wasilibandue.

Tunakutakia mapumziko mema, na jua Jumapili ile. Kama Henrik hatatokea, weka koti lako juu ya kiti cha pili, mtu asikikalie.

Beryl Hockaday, Chumba cha Kufulia