Mazoezi ni Saa Kumi: Maisha ya Mwalimu Scholastika

Ndugu waombolezaji, walimu, majirani zetu wa Kariakoo, na ninyi nyote mlioacha kazi zenu kuja kukaa juani pamoja nasi, mimi ni Pantaleo, mdogo wake marehemu, familia imenituma nisome habari za dada yetu, nami nitazisoma zilivyo, kwani yeye mwenyewe hakupenda mtu apambwe kwa maneno.

Marehemu Scholastika Isidori Nnunduma alizaliwa tarehe 10 Februari 1952, Ndanda, wilaya ya Masasi, siku ya mtakatifu aliyempa jina, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Isidori na Mama Celina. Alisoma shule ya msingi na sekondari huko huko kusini, akamaliza kidato cha nne mwaka 1970, mwaka uliofuata akaingia Jeshi la Kujenga Taifa, kambi ya Ruvu, akajifunza kulima, kulenga shabaha na kuamka kabla ya jogoo, akatoka huko na sauti ya afande ambayo sisi nyumbani tuliionja kabla ya mtu mwingine yeyote.

Januari 1972 alijiunga na chuo cha ualimu hapa Dar es Salaam, na mwezi Julai 1973 akapelekwa mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya msingi karibu na Mtaa wa Msimbazi. Mkufunzi wake wa michezo, Bi Indumati wa Upanga, mama mpole wa sura lakini si wa alama, alimkabidhi kazi ya kuunda timu ya wasichana ya netiboli, akamwambia kwamba Jumamosi ya tarehe 15 Septemba atakuja viwanja vya Mnazi Mmoja kuitazama ikicheza na shule nyingine, akikuta wasichana saba uwanjani atamfaulisha, akikuta sita, arudie mwaka.

Siku ya kwanza walijiandikisha wasichana kumi na tisa. Dada yetu alitafuta fundi akamtengenezea magoli kwa pete za mapipa, akapanga mazoezi yaanze saa tisa alasiri, na kwa kuwa kichwani mwake bado alikuwa Ruvu, akatangaza kwamba atakayechelewa ataruka kichura kuzunguka uwanja. Wasichana wengi walifika saa kumi, wanahema, jasho linawatiririka, naye hakuuliza walikotoka, aliwarusha kichura siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, na wiki ya pili ilipokwisha alibakiwa na watatu, Wakristo wawili na binti mmoja wa Kihindi. Katika daftari lake aliandika kwamba watoto wa Kariakoo ni wavivu. Daftari hilo tunalo nyumbani, alilitunza makusudi, limkumbushe.

Aliyemtia uchungu zaidi ni Zamzam, mtoto wa miaka kumi na miwili, mfungaji ambaye mpira ukitoka mkononi mwake ulikuwa hauulizi njia. Alasiri moja akaamua kumfuata hadi Mtaa wa Sikukuu, akasimama kwenye mlango wa chuo cha Kurani, akachungulia, na humo ndani, juu ya mkeka, juzuu mapajani, akaiona timu yake nzima. Alikulia Ndanda misheni, ambako kengele ya kanisa ndiyo iliyogawa siku ya kila mtu, wala haikumpitia akilini kwamba mtoto anaweza kutoka shule moja akaingia nyingine hadi saa kumi, kisha akakimbia mwendo wote ule kuja kuadhibiwa. Alituambia kwamba aliona aibu hata akataka kurudi kimyakimya, lakini miguu ilikataa. Alimwamkia Maalimu Mwinyimvua, mwenye chuo hicho, akamweleza kosa lake lote bila kujitetea, na mzee yule akamjibu, "Watoto hawakuchelewa, mwanangu. Wewe ndiye uliyewahi."

Jumatatu iliyofuata, saa kumi, aliwaomba radhi wasichana wote, kisha akafunga kanga juu ya sketi, akaruka kichura yeye, mizunguko miwili mizima, wa tatu magoti yakagoma, na wakati huo wasichana walikuwa wamelala chini kwa kicheko. Tangu siku hiyo alitangaza jambo moja tu, mazoezi ni saa kumi, na mwenye kutaka kuvaa suruali ndefu na mtandio avae. Tarehe 15 Septemba Bi Indumati alikuta saba uwanjani na kumi na wawili pembeni. Walifungwa mabao kumi na manne kwa sita, naye akafaulu.

Aliajiriwa shule hiyo hiyo Januari 1974, hakuhama tena, na mwaka 1979 timu yake ilitwaa ubingwa wa wilaya. Tarehe 9 Oktoba 1976 alifunga ndoa na Ndugu Filbert Nambunga, mfanyakazi wa bandari, Mungu akawajalia watoto wawili, Celina na Isidori.

Januari mwaka huu wa 1984 alianza kuugua figo, akalazwa Muhimbili mara tatu, na mara zote akitoka alipitia uwanjani kabla ya nyumbani. Jumapili iliyopita alinishika mkono akasema, "Panta, msinizike kabla ya saa kumi. Watoto watakuwa chuoni." Alfajiri ya Jumatatu, tarehe 8 Oktoba, alifariki. Wazee walikuwa wamepanga maziko saa nane, wengine wakasema yale ni maneno ya homa, tukabishana, na nakiri mbele yenu kwamba sikukubali hata dakika moja ipunguzwe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, walimu wenzake, balozi wetu wa nyumba kumi, na majirani waliotoa sukari na unga katika uhaba huu, wakati nao hawana. Tunamshukuru pia Maalimu Mwinyimvua, aliyeketi hapa mbele.

Sasa ni saa kumi na dakika tano, na wale wanaoingia getini wakihema, juzuu kwapani, ni timu ya mwaka huu, na anayewaongoza ni Mwalimu Zamzam, mwenye filimbi ya marehemu shingoni. Tuwapishe wapite mbele.

Dada, wamefika wote, hakuna aliyechelewa. Pumzika kwa amani.